Jinsi ya Kuipima Shule ya Msingi ya Serikali Kabla ya Kumwandikisha Mtoto: Mwongozo kwa Familia za Nangwa, Hanang

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah (Subhanahu wa Ta'ala), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), ahli zake, Maswahaba zake na wote wenye kuwafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma ba'ad:

Kila inapokaribia miezi ya uandikishaji, Oktoba hadi Disemba, huulizwa na ndugu zetu wanaoishi katika miji midogo ya bara swali ambalo sura yake ni moja. Baba amehamishiwa kazi, au mama amefungua duka, na mtoto amefikia umri wa darasa la kwanza. Shule iliyo karibu ni ya serikali. Ni ndogo, walimu wake ni wachache, na Waislamu humo ni wachache zaidi. Je, inajuzu kumpeleka hapo? Na je, inafaa?

Hayo ni masuala mawili, na wengi huyachanganya. La kwanza ni la hukumu, na jawabu lake ni fupi. La pili ni la uchunguzi, nalo ndilo linalohitaji mwongozo. Tumeichagua Nangwa kuwa mfano kwa sababu hali yake inafanana na ya miji mingi midogo tunayoulizwa. Hatukusudii kuipa alama shule yoyote ya hapo. Tunampa mzazi kipimo ili aende akaipime mwenyewe. Sisi Wazanzibari tumezoea kusema "skuli", lakini kwa kuwa wasomaji wa makala hii wengi ni wa bara, tutasema "shule" kama wanavyosema wao.

MSINGI WA KISHARIA

Jambo la kwanza ni kwamba mzazi ni mchunga. Katika Hadithi ya Ibn Umar iliyopokelewa na Al-Bukhari na Muslim, Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ana kundi analolichunga na ataulizwa juu yake. Mwanamume ataulizwa juu ya watu wa nyumba yake, na mwanamke ataulizwa juu ya nyumba ya mumewe na watoto wake. Mwalimu ni msaidizi wa mchunga. Mzazi anayelipa ada kubwa hajainunua shingo yake na suali la Siku ya Kiyama, na mzazi anayesomesha bila ada hakusamehewa kuchunguza.

Jambo la pili ni kuhakiki. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha tuzithibitishe habari kabla ya kuzifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Sifa nyingi za shule, nzuri na mbaya, ni maneno ya sokoni na kwenye basi. Anayesema "shule ile haifai" huenda hajapita getini kwake tangu mwanawe alipokatazwa kuchelewa.

Jambo la tatu ni kusomeshwa na asiyekuwa Mwislamu. Katika elimu za manufaa, kama kusoma, kuandika na hesabu, hakuna ubaya wowote. Wanavyuoni wanataja mateka wa Badr ambao fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika, kama ilivyopokelewa na Imam Ahmad kutoka kwa Ibn Abbas. Wale walikuwa washirikina waliotoka vitani, sembuse mwalimu mwenzako wa nchi moja anayemfundisha mwanao kwa upole? Linalokatazwa ni mtoto kufundishwa itikadi isiyo yake, au kuzuiwa asiitekeleze yake. Hilo tutalirudia mahala pake.

Kwa hiyo hukumu ni kwamba inajuzu. Lililobaki ni kujua kama shule hiyo hasa inafaa kwa mtoto huyo hasa.

NANGWA NA MAZINGIRA YAKE

Nangwa ni kata katika Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara, kwenye barabara kuu ya kutoka Babati kwenda Katesh hadi Singida. Katesh ndiko kwenye makao makuu ya wilaya na ofisi za elimu. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, unaonekana kutoka kila upande, na hali ya hewa ni ya baridi kwa aliyezoea pwani. Wenyeji wengi ni Wairaqw, na pamoja nao wapo Wabarabaig, Wanyaturu na wengineo waliokuja kwa kilimo, mifugo na biashara. Watu wanalima mahindi, maharage, mbaazi, alizeti na ngano. Waislamu ni wachache, wengi wao wakiwa wafanyabiashara na watumishi wa serikali.

Mazingira hayo yana athari tatu kwa mwanafunzi.

Kwanza, lugha. Watoto wengi wanaoingia darasa la awali huko hukutana na Kiswahili shuleni baada ya kuzoea lugha ya nyumbani. Mtoto aliyetoka Tanga au Unguja atakuwa mbele kwa maneno, na pengine wazazi wake wataona darasa linakwenda polepole. Asiachwe akawacheka wenzake. Wala asifundishwe kuwaita Wabarabaig kwa jina la "Wamang'ati", ambalo wenyewe hawalipendi. Aya ya 11 ya sura hiyo hiyo ya Hujurat inakataza kuitana kwa majina mabaya, na katazo hilo halikuwekewa mpaka wa kabila wala dini.

Pili, mvua na mlima. Tarehe 3 Disemba 2023 tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya chini ya mlima. Zaidi ya watu 80 walifariki. Tunamuomba Allah awape subira waliofiwa. Baada ya msiba ule, mzazi yeyote wa Hanang ana haki ya kuuliza shule imejengwa wapi na maji ya mvua yanapita wapi.

Tatu, umbali. Makazi yametawanyika, na shule iliyo "karibu" yaweza kuwa ng'ambo ya korongo. Korongo kavu la Septemba si korongo la Machi.

KABLA YA KWENDA: KUSOMA MATOKEO

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huchapisha katika tovuti yake matokeo ya kila shule: upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mzazi anaweza kuyatazama kwa simu, akichagua mkoa, halmashauri, kisha shule. Tangu mwaka 2023 Baraza limeacha kutangaza orodha ya shule bora, na sisi tunaona ni jambo la kheri, kwa sababu orodha ile iliwafanya watu wasome jina la juu tu wasisome kilichomo.

Katika mtihani wa darasa la saba kila somo lina alama 50, na kwa masomo sita jumla ni 300. Daraja A ni kuanzia 241, B kuanzia 181, C kuanzia 121, D kuanzia 61, na E ni chini ya hapo. A, B na C ndiyo kufaulu. Angalia kuwa C huanza kwenye alama 121 kati ya 300, yaani kama asilimia 40. Shule inayojivunia kufaulisha kwa asilimia 95 ilhali karibu wote wana C haiko sawa na shule ya asilimia 85 yenye B nyingi.

Kwa shule ndogo yako mambo matatu zaidi ya kuzingatia:

1. Mtoto mmoja ni mzito. Shule yenye watahiniwa 20, kila mmoja wao ni asilimia 5. Wakianguka wawili ufaulu ni 90. Mwaka unaofuata wakianguka sita ni 70. Watu watasema shule imeporomoka, kumbe ni watoto wanne. Kwa hiyo usiangalie mwaka mmoja. Tazama minne mfululizo.

2. Waliokosekana ni muhimu kama waliofanya. Muulize mwalimu mkuu: waliofanya mtihani mwaka huu walikuwa wangapi walipoanza darasa la kwanza? Ikiwa walianza 50 na wakamaliza 24, wako wapi wengine? Huenda wamehama na wazazi, huenda wanachunga ng'ombe, huenda wamekariri darasa ili wasiiharibie shule jina. Jawabu la suali hili linaeleza mengi kuliko asilimia.

3. Tazama somo moja moja. Shule yenye Kiswahili kizuri na Hisabati dhaifu miaka yote minne pengine haina mwalimu wa Hisabati. Hilo waweza kulithibitisha siku utakayokwenda.

Mzazi ajue pia kuwa mambo yanabadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba, ikifuatiwa na miaka minne ya sekondari ya chini, yote ikiwa ya lazima. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Mtoto anayeanza darasa la kwanza sasa atamalizia la sita, kwa hiyo mwaka mmoja uliopotea kwa uzembe ni sehemu kubwa zaidi ya safari yake kuliko ilivyokuwa kwetu.

SIKU YA ZIARA

Nenda siku ya kawaida ya masomo, si siku ya mahafali. Pita kwanza ofisini kwa mwalimu mkuu, jitambulishe kwa heshima na ueleze nia yako. Mwalimu mkuu mwema hufurahi kumuona mzazi aliyekuja kabla hajaitwa. Kisha angalia haya.

Walimu. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa shule ndogo, hesabu hii ina mtego. Chukua shule ya wanafunzi 280 yenye walimu saba: ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 40, na kwenye karatasi imefaulu. Lakini madarasa saba na la awali ni makundi manane, na mmoja wa wale saba ni mwalimu mkuu mwenye vikao na taarifa za kuandika. Mwingine akienda kliniki, wa tatu akiitwa semina Katesh, siku hiyo madarasa matatu au manne hayana mtu. Kwa hiyo usiulize tu walimu ni wangapi. Uliza: "Leo wako wangapi? Na mwalimu asipokuwepo, darasa lake linafanya nini?" Penye shule iliyopangwa utaambiwa jina la anayeshika zamu na kazi waliyoachiwa watoto. Pasipo na mpango utaambiwa "wanajisomea".

Kusoma. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, na hakina gharama. Omba ruhusa usikilize watoto wawili au watatu wa darasa la tatu wakisoma ukurasa mmoja wa kitabu chao. Usichague wewe wala asichague mwalimu wale hodari. Waitwe walioketi nyuma. Stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, zinatakiwa zikamilike darasa la pili, na ndipo upimaji wake unapofanywa. Mtoto wa darasa la tatu anayesoma sentensi na kukueleza maana yake, huyo amefundishwa. Anayeunganisha herufi kwa herufi bado hajui kusoma, hata kama shule ina rangi mpya. Tunaosomesha Qur'ani tunaijua tofauti hii vizuri: yuko mtoto anayesoma Juzuu Amma kwa kuwa ameihifadhi kwa masikio, na yuko anayeisoma kwa kuwa anaziona herufi. Ukifungua ukurasa mwingine ndipo unapomjua nani ni nani.

Madaftari. Omba kuona madaftari ya watoto wawili. Je, yamesahihishwa? Tarehe zinafuatana? Daftari lenye kazi ya Januari na Februari kisha kimya hadi Mei linasema lenyewe.

Majengo, vyoo na maji. Miaka ya karibuni serikali imejenga madarasa mengi, yakiwemo ya mradi wa BOOST. Darasa jipya ni neema, lakini halifundishi. Vyoo vinastahiki kuangaliwa kwa makini zaidi: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 140 na wavulana 140 inahitaji matundu saba ya wasichana na sita ya wavulana. Yahesabu. Angalia milango inafunga, na kama kuna maji ya kujisafisha, jambo ambalo kwa mtoto wa Kiislamu ni sehemu ya tohara yake. Uliza maji ya kunywa yanatoka wapi. Maji ya ardhini katika maeneo mengi ya Arusha, Manyara na Singida yana madini ya floridi kwa wingi, ambayo huharibu meno ya watoto na yakizidi hudhuru mifupa. Ikiwa ni kisima, uliza kama maji yake yamepimwa. Ukipata shaka, mtoto abebe maji ya nyumbani.

Njia na mahala. Tembea mwenyewe kutoka nyumbani hadi shuleni kwa hatua za mtoto. Hesabu makorongo na barabara anazovuka; barabara kuu ya Babati na Katesh inapita malori na mabasi ya masafa marefu. Uliza watoto hufanya nini mvua kubwa ikinyesha saa ya kutoka. Shule yenye jawabu, kwamba hawaachiwi mpaka korongo litulie, au kwamba wakubwa huvuka na wadogo, imefikiri.

Adhabu. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotolewa mwaka 1979 na kurekebishwa 2002 zinasema viboko havizidi vinne, vinachapwa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu mwanamke akiwepo, na kila adhabu iandikwe katika daftari lake. Uliza kwa upole kama daftari hilo lipo. Angalia pia fimbo ziko wapi. Kila mwalimu akiwa na yake mkononi, kanuni haifuatwi. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alihudumiwa na Anas kwa miaka kumi, na Anas anasimulia kuwa hakuwahi hata kumwambia neno la kumkemea. Huo ndio ufundishaji.

DINI SHULENI

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuamini na kuabudu. Shule ya serikali haina dini yake. Utaratibu unaotumika ni kutenga kipindi cha dini katika ratiba, kila kundi likafundishwa na mwalimu wake. Uliza haya:

1. Kipindi cha dini ni siku gani, na Waislamu hufundishwa na nani? Katika shule zenye Waislamu wachache mara nyingi hakuna mwalimu, na watoto huachwa nje au hukaa katika kipindi cha wenzao. Dawa yake siyo malalamiko. Nendeni wazazi wawili watatu pamoja na ustadh wa msikitini na uongozi wa BAKWATA wa wilaya, mkamuombe mwalimu mkuu nafasi ya mwalimu wa kujitolea. Mkishapewa, msikose. Ustadh anayefika wiki mbili kisha akapotea huwafungia mlango watakaokuja baada yake.

2. Je, msichana anaruhusiwa kuvaa hijabu kwa sare? Katika shule za serikali inaruhusiwa. Uliza rangi inayotakiwa, ununue ya rangi hiyo, ili asionekane mkaidi kwa jambo ambalo ni haki yake.

3. Sala na funga. Watoto wa shule ya msingi hutoka mchana, na Adhuhuri huwahi kuisali nyumbani ndani ya wakati wake. Mtoto aliyefika miaka saba huamrishwa sala, na akifika kumi hukaziwa, kama ilivyo katika Hadithi iliyopokelewa na Abu Daud. Ijumaa ni wajibu kwa mwanamume aliyebaleghe. Ukiwa na kijana wa darasa la sita au la saba aliyefikia hapo, mueleze mwalimu mapema, kwa barua fupi, ili apate ruhusa. Kadhalika Ramadhani, mjulishe mwalimu kuwa mtoto amefunga, asije akalazimishwa uji au kukimbizwa juani.

4. Chakula cha shule. Mara nyingi ni uji, au makande ya mahindi na maharage wanayochanga wazazi. Asili ya vyakula ni uhalali, na hapana haja ya kujitia wasiwasi. Ikipikwa nyama siku ya sherehe, uliza nani kachinja, basi.

Ujue pia kuwa kipindi kimoja kwa wiki hakitamfanya mtoto ajue dini. Sisi tuliolelewa Unguja asubuhi tulikuwa skuli na alasiri tulikuwa chuoni. Moja halikuchukua nafasi ya lingine. Kama Nangwa hakuna madrasa karibu nawe, ianzishe sebuleni kwako na watoto watano. Vyuo vikubwa vingi vilianza hivyo.

GHARAMA, MICHANGO NA RIBA

Shule ya msingi ya serikali haina ada. Mzazi bado ana sare, madaftari, sweta la baridi ya Hanang, na mchango wa chakula uliokubaliwa katika kikao cha wazazi. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango.

Lakini mzazi afahamu shule inaishi na nini. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Zinazobaki hununuliwa vitabu. Kwa ile shule yetu ya wanafunzi 280 ni shilingi 1,680,000 kwa mwaka, yaani 140,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, yote humo. Ukiona bawaba ya dirisha imekatika, usikimbilie kusema fedha zimeliwa. Tazama ubao wa matangazo. Shule yenye uwazi hubandika mapato na matumizi yake. Mchango wa khiari anaoutoa Mwislamu katika shule wanayosoma watoto wa watu wote ni sadaka.

Hapa ndipo penye jambo linalotusikitisha. Wapo ndugu wanaoikwepa shule ya serikali bila ya kuichunguza, wakakopa kwa riba ili walipe ada ya shule binafsi, hata ile mikopo ya mitaani inayoitwa "kausha damu". Hili halijuzu. Dharura inayohalalisha lililoharamishwa haipo hapa, maadamu shule isiyo na ada ipo na mtoto anaweza kusoma. Mwenye uwezo wa halali na ameona shule binafsi ni bora kwa mwanawe, hana lawama. Asiye na uwezo asiibomoe nyumba kwa kutafuta jina.

BWENI LA MBALI

Wengine huchukua njia ya tatu: kumpeleka mtoto mdogo bweni la mbali, au kwa jamaa mjini, "akapate malezi ya Kiislamu". Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kabla ya waraka ule, nasi hatukusalimika. Mmoja wa watoto wetu tulimpeleka bweni akiwa na miaka saba, kwa kuwa tuliambiwa pana jina na pana nidhamu. Tuliuliza matokeo, tukauliza ada. Hatukuuliza nani analala nao usiku, wala nani anamfariji mtoto anapoamka analia. Alirudi likizo amenyamaza, na ilituchukua muda mrefu kumrejesha katika hali yake. Tunalisema hili ili asije mwingine akajifunza kwa gharama ile ile.

Mtoto wa miaka saba anayesali nyuma ya baba yake Nangwa, akasoma shule ya kawaida, akasikilizwa kila jioni alichojifunza, kwa mtazamo wetu yuko salama zaidi kidini kuliko aliye mbali na wazazi chini ya bango lenye jina zuri.

NAMNA YA KUAMUA

Ukishamaliza ziara, yagawe uliyoyaona katika mafungu matatu.

Yasiyovumilika: watoto wa darasa la tatu hawajui kusoma na hakuna anayeshughulika, walimu hawapo bila sababu, watoto wanapigwa ovyo au pana habari iliyothibiti ya mtoto kudhalilishwa, jengo au njia ni ya hatari, mtoto analazimishwa ibada isiyo yake. Ukithibitisha mojawapo, tafuta shule nyingine, na ulifikishe kwa Afisa Elimu Kata au ofisi ya elimu Katesh. Udhalilishaji upelekwe polisi na ustawi wa jamii bila ya kuchelewa, wala usisuluhishwe kimya kimya.

Yanayorekebishika: vyoo pungufu, vitabu vichache, hakuna mwalimu wa dini, chakula cha kusuasua. Haya yanahitaji wazazi zaidi ya kuhitaji kukimbiwa.

Yasiyo na uzito: rangi ya jengo, shule kuwa ndogo, watoto wa wakulima na wafugaji kukaa dawati moja na mwanao, walimu kuwa wa dini nyingine. Udogo wenyewe una faida: mwalimu mkuu atamjua mwanao kwa jina, na asipofika siku mbili ataulizwa.

Kisha shauriana na mwenzako wa ndoa, muulize mzazi mwenye mtoto pale kwa zaidi ya miaka miwili, usali istikhara, na uamue. Unapoandikisha, beba cheti cha kuzaliwa. Kwa anayehama, uhamisho hufanywa na mwalimu mkuu kupitia mfumo wa PREM wa NECTA, basi hakikisha namba ya mtoto imetoka shule ya zamani kabla hujafunga mizigo.

Na ukishaandikisha, kazi ndiyo imeanza. Hudhuria kikao cha kwanza cha wazazi. Ukiombwa uingie Kamati ya Shule, usikatae. Pale ndipo bajeti, chakula na nidhamu hujadiliwa, na Waislamu wengi hulalamikia maamuzi ya vikao ambavyo hawakukaa. Kila usiku mtoto akusomee ukurasa mmoja, hata ukiwa umechoka na duka. Katika shule ya wanafunzi mia mbili na kitu, mzazi mmoja anayefuatilia huonekana, na wawili watatu hubadilisha hali.

Tunamuomba Allah (Subhanahu wa Ta'ala) awatengeneze watoto wetu na watoto wa majirani zetu, awalipe kheri walimu wanaofundisha katika mazingira magumu, na atujaalie tuwe wachunga waaminifu.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.